Mliomuona Dokta Remmy na bendi yake Super Matimila hapa Dodoma njooni: mzee wangu anasema kweli au ananiuzia chai?

Binti wa Nkuhungu (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni. Wakubwa wote shikamooni, ndugu zangu wa Chamwino mbukwenyi.

Jumapili nilikuwa kwa wazazi Nkuhungu. Umeme ukakatika, tukahamia barazani. Jirani alikuwa anapiga zilipendwa kwenye simu yake, ukaja wimbo wa Remmy Ongala. Baba yangu tangu magoti yaanze kumsumbua hanyanyuki kwenye kiti mpaka aitiwe mtu. Siku hiyo akasimama mwenyewe. Hakucheza. Alisimama tu, kichwa chini kama yuko msibani, mpaka wimbo ukaisha. Akakaa, akasema: "Huyu mimi nimemuona hapa hapa Dodoma. Kapiga ule wimbo wa soksi, ukumbi ulitaka kupasuka. Dada yako alikuwa tumboni."

Dada yangu kazaliwa 1986.

Mama alikuwa pembeni anachambua mlenda kwa tochi ya simu. Hakusema neno, alicheka kwa pua tu, na kicheko kile cha mama mimi nakijua.

Sasa nauliza mliokuwepo. Dokta Remmy aliwahi kupiga Dodoma? Wapi? Mlivaa nini, mlikula nini, mlirudije nyumbani? Mzee macho hayamruhusu kusoma simu, nitamsomea yote mtakayoandika. Andikeni vizuri basi.

Dogo wa Chimwaga

Nimekaa siti ya mbele. Kuku wangu wa Chako ni Chako yuko njiani, wazee anzeni.

Betri Juani

Binti, mzee wako hajadanganya, kalenda tu ndiyo imemteleza. "Mambo kwa Soksi" ni wimbo wa 1990. Mwaka 1986 haukuwepo, kwa hiyo kama aliusikia kwa masikio yake, dada yako alishaanza kukimbizana na mbuzi.

Vijana, huo wimbo ulikuwa unahimiza kondomu wakati Ukimwi unamaliza watu na wengine bado wananong'ona. Redio Tanzania wakakataa kuupiga. Na redio ilikuwa hiyo hiyo moja, hakukuwa na nyingine ya kuhamia. Ukiutaka, utafute kaseti iliyorekodiwa juu ya kaseti juu ya kaseti, inayosikika kama mtu anaimba ndani ya pipa, au uende ilipo bendi. Ndiyo maana aliyeusikia ukumbini hasahau. Nyimbo zake nyingine tulizizoea redioni, betri tumezianika juani mchana ili jioni zivute. Ule ulikuwa wa kufuata.

Kipara Changu

Mimi nabisha. Bendi iliyokuja Dodoma miaka hiyo na kujaza ilikuwa Maquis, na mtindo wao wa Ogelea Piga Mbizi. Watu wanachanganya kwa sababu wanamuziki wa Kongo walikuwa wengi, kila mwenye Kiswahili cha kuvutavuta anaitwa Remmy. Mzee anaweza kuwa alimuona mtu mwingine kabisa.

Betri Juani

Mzee Kipara, Maquis walikuja, na wengine walikuja. Bendi zote zilikuwa zinazunguka mikoani, la sivyo zingekula nini? Nchi nzima haikuwa na kiwanda cha kufyatua sahani za santuri. Unakwenda Redio Tanzania unarekodi, wimbo unapigwa mpaka Kigoma, wewe mfukoni huna kitu. Hela ilikuwa mlangoni, kwenye kiingilio. Mwisho wa mwezi mishahara ikitoka bendi ziko barabarani. Dodoma tulikuwa na watumishi, tuna stesheni ya reli. Nani angeturuka?

Na Remmy huwezi kumchanganya na mtu. Wangapi walikuwa na rasta zile?

Kipara Changu

Rasta naikubali. Mengine naendelea kubisha.

Mwana wa Stesheni

Ngoja niseme mimi niliyekuwa nauza kahawa.

Nilikuwa na miaka kumi na nne au kumi na tano. Birika, jiko dogo la makaa, vikombe vinne na bakuli la kashata. Kila bendi ikija niko ukutani. Sijaingia ndani hata siku moja, na sikutamani sana, maana biashara ilikuwa nje. Ukumbi wenyewe nisiutaje jina, siku hizi ni fremu za vipuri vya pikipiki, wenye Dodoma yenu mtaujua kwa mwarobaini mkubwa uliokuwa kona ya nyuma. Ukuta wake ulikuwa unamfika mtu mrefu kidevuni, lakini juu walimwaga vipande vya chupa.

Watu hawajui kwamba nje kulikuwa na ukumbi wa pili. Ndani kulikuwa na waliolipa. Nje tulikuwepo sisi, wapiga debe, wanafunzi, askari wa zamu, wanawake waliokuja kuwachungulia waume zao, na waume waliokuwa wanajificha wake zao wasiwaone wako nje hawana kiingilio. Walikuwa wanacheza kwenye vumbi, wengine wamevua viatu visichakae. Siku ya Remmy nje walikuwa wengi kuliko siku zote nilizouza kahawa. Kashata ziliisha kabla bendi haijafika nusu.

Kwa hiyo swali lako "aliwahi kupiga?" jibu ndiyo. "Nilimuona?" hapana. Nilimsikia kuanzia mwanzo hadi mwisho. Na ninavyowajua watu wa mji huu, robo tatu ya wanaosema "nilimuona Remmy" walikuwa wateja wangu.

Dogo wa Chimwaga

"Nje kulikuwa na ukumbi wa pili." Mzee hii naiba naandika kwenye hali ya WhatsApp.

Shangazi wa Makole

Mimi niliingia. Nililipa, tena nilijilipia mwenyewe, mwaka huo nilikuwa nimeanza kazi ya taipisti na sikutaka mwanaume aseme kanileta.

Gauni lilikuwa la kitambaa cha kitenge nilichotumiwa kutoka Kigoma, mabega yamepanda juu kama mto wa kochi. Ndani joto, nje baridi ya kiangazi cha Dodoma ile ya kuuma masikio. Ukitoka kupunga hewa jasho linakugandia mgongoni. Mezani kulikuwa na soda na mvinyo wa hapa hapa, ule mtamu, tukijifanya mabibi wa mjini.

Walicheza wote mpaka alipopiga "Kifo". Hapo nataka niseme pole pole kwa sababu watu hawaelewi. Kwenye redio "Kifo" unausikia unapika, unapita. Ukumbini wimbo haukuisha haraka, magita yanazunguka na kurudi pale pale, anamuuliza kifo maswali, na watu hawakukaa. Tuliendelea kucheza. Taratibu, lakini tunacheza. Mimi mwaka uliopita nilikuwa nimemzika mdogo wangu, na sikuwa nimelia vizuri, maana msibani mkubwa wa nyumba anapika na kupokea wageni. Nikalia pale katikati ya dansi, miguu inaendelea kwenda. Aliyekuwa mbele yangu naye analia. Hakuna aliyeshangaa. Wimbo ulipoisha kuna mama mmoja mnene alipanda stejini akambandika noti kwenye paji la uso, akashuka bila kugeuka.

Huo wa soksi ulikuja baadaye, vicheko sasa, wanaume wanapiga kelele, wasichana tumeziba nyuso kwa vitambaa. Ndiyo, Binti, aliuimba. Na alikuwa ni yeye, Mzee Kipara.

Kipara Changu

Shangazi ukisema wewe naweka silaha chini. Maquis bado ninao lakini.

Kachero wa Kizota

Hii chai. Hakuna picha, hakuna tiketi, hakuna tarehe. Kila mzee Dodoma siku hizi kamuona Remmy.

Shangazi wa Makole

Mwanangu, 1991 nani alikuwa na kamera ya kupeleka dansini? Picha tulipiga studio, pazia la maporomoko ya maji nyuma, mkono kwenye kiuno, unasubiri wiki mbili. Ukihitaji picha ya gauni njoo Makole nikuonyeshe.

Betri Juani

Shangazi umetaja 1991. Una uhakika?

Shangazi wa Makole

Kazi nilianza Januari 1991 na baridi ilikuwa ya Julai. Hesabu wewe.

Fundi Spika

Wadau nimechelewa, nilikuwa Mpwapwa hakuna mtandao. Uzi umenifurahisha, naomba niongee ya ufundi kidogo. Miaka hiyo nilikuwa kijana wa kubeba vyombo kwa mwenye ukumbi, baadaye nikawa fundi mitambo mpaka leo, nafunga spika za makanisa.

Bendi ya dansi ilikuwa na magita si moja. Kuna solo, kuna second solo, kuna rizimu, halafu besi. Kila moja na amplifaya yake, nyingine imeshonwa kwa waya wa baiskeli. Sauti za waimbaji zilipitia spika zile za mdomo mpana kama za msikitini, ndiyo maana maneno yalikuwa makali na membamba. Pigo la drams na tumba halikuwekewa maikrofoni hata moja, lilikwenda kwa nguvu za mpigaji. Umeme wa Dodoma ulikuwa unapanda na kushuka. Ukishuka amplifaya zinakoroma, solo anapoteza ukali, mpiga rizimu lazima ajue kushika bendi isianguke. Bendi nzuri tulikuwa tunazitambua hapo. Mashine zikiwa nzima kila mtu anapiga vizuri.

Sasa Mwana wa Stesheni, hujui ulichokisikia. Nje ya ukuta husikii bendi ile ile. Besi inapita ukuta, inapita ardhini, unaipata kifuani na miguuni. Tumba inakuja. Solo, ambayo ndiyo roho ya dansi, ni sauti nyembamba, inapita juu ya ukuta na kwenda inakotaka upepo. Na Dodoma upepo haukosekani. Kwa hiyo mtu wa nje anasikia besi muda wote na solo inakuja na kupotea, inakuja na kupotea. Nimewahi kuwauliza wazee wawili waimbe wimbo mmoja wanaoukumbuka kutoka dansini. Aliyekuwa ndani aliimba gitaa la solo. Aliyekuwa nje akaimba besi.

Binti, fanya jaribio. Mwambie mzee akuimbie huo wimbo wa soksi bila maneno. Akiimba besi, hakuingia.

Dogo wa Chimwaga

Fundi umeua. Binti fanya hilo jaribio leo leo.

Mimi wa kizazi cha Bongo Fleva niseme langu. Nimekwenda matamasha Uwanja wa Jamhuri tangu niko mwaka wa kwanza Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM. Taa kama mchana, spika zina ukubwa wa chumba changu cha hosteli. Msanii anapanda, wimbo unapiga wenyewe, yeye anaruka na kutuelekezea maikrofoni tuimbe. Nafurahi, sisemi vibaya. Lakini narudi nyumbani nimeusikia wimbo ule ule ulio kwenye simu yangu. Siku moja tu niliona msanii kaja na bendi nzima, gitaa likarefusha wimbo nisiojua unaweza kurefushwa, na nakumbuka siku hiyo kuliko nyingine zote. Sasa ndiyo naelewa kwa nini.

Mwana wa Zeze

Wa Chamwino nimefika. Mbukwenyi.

Niongeze jambo ambalo watu wa Dodoma tunalisahau. Remmy na Matimila walipokwenda Uingereza na ziara ya WOMAD, lile tamasha la muziki wa dunia, 1988, baadaye wakarekodi kwa kampuni ya Real World, ile ya mwanamuziki wa Uingereza Peter Gabriel. Albamu mbili, ya 1989 na ya 1992. Miaka michache mbele, kampuni hiyo hiyo ikatoa kazi ya mzee wetu Hukwe Zawose, Mgogo, zeze na ilimba (ile marimba ya vidole) mkononi. Yaani Mkongo wa Sinza na Mgogo wetu walipita mlango mmoja.

Nasema hivi kwa sababu babu yangu, mpigaji wa zeze, hakuwa na habari na dansi, alisema ni kelele za walevi. Lakini Remmy alimkubali. Sababu yake ilikuwa moja: "Huyu anazunguka." Alimaanisha gitaa linarudi mahali pamoja kama ilimba inavyorudi, halafu mtu anasimama juu yake anaongea na watu. Kwetu mwimbaji kazi yake ni hiyo, kuwaambia watu jambo huku vidole vinazunguka.

Kachero wa Kizota

Haya, chai imeanza kuwa na tangawizi. Endeleeni.

Mama Kwa Remmy

Mimi ni wa Dodoma kwa kuzaliwa, Ipagala, ila niliolewa Dar, Sinza, na kituo changu cha daladala ndicho hicho kinachoitwa Kwa Remmy. Konda anapiga kelele "Kwa Remmy washuke!" kila siku, na nusu ya abiria wa leo hawajui Remmy ni nani, wanadhani ni duka.

Mzee alipata kiharusi 2001. Baadaye akaokoka, akaacha dansi, akaimba injili. Nilimsikia kanisani, na nilikwenda nikiwa na wasiwasi, nikijua nitaumia. Mwili haukuwa ule. Lakini sauti ile ya kukwaruza ilikuwepo, na bado alikuwa anaimba kama anazungumza na mtu mmoja aliyekaa mbele. Kuna waliolalamika kwamba kaziacha nyimbo zake. Mimi sikuona tofauti kubwa hivyo. Mtu aliyeimba habari za wanyonge na kifo miaka yote, kanisani alikuwa kabadilisha jengo tu.

Alifariki tarehe 13 Desemba 2010. Siku hiyo daladala zilipiga nyimbo zake mpaka usiku, na konda wetu aliposema "Kwa Remmy" alisema kwa sauti ya chini.

Kipara Changu

Apumzike. Mimi hapo sibishi.

Binti wa Nkuhungu

Wakuu nimerudi. Kaeni vizuri.

Nimemsomea mzee uzi wote, amesikiliza amefumba macho. Kwa Shangazi alisema "eh" mara tatu. Nilipofika kwa Fundi nikaruka ile sehemu ya jaribio. Nikamwambia: baba, hebu niimbie ule wimbo wa soksi bila maneno.

Akafikiri. Akaanza: "Dum, dum-du-dum, dum..."

Besi wakuu. Besi tupu.

Mama akaangua kicheko mpaka akaangusha ungo. Ndipo ukweli ukatoka. Baba hakuingia. Alikuwa hana kiingilio, na wala hakuwa peke yake, mama alikuwepo. Baba alipanda ule mwarobaini wa kona (Mwana wa Stesheni, mwarobaini wako huo!), akavua viatu visiteleze, mama akabaki chini ameshika viatu. Kutoka juu ya mti alichokiona ni mgongo wa mpiga drams na kipande cha bati. Hayo ndiyo "nimemuona" ya miaka yote hii.

Baba amejitetea kwamba kuna wakati Remmy alisogea pembeni na aliona rasta. Mama anasema ulikuwa mti.

Mwana wa Stesheni

Kwenye ule mti siku hiyo walikuwa kama kumi na wawili. Mmoja aliagiza kahawa kutoka juu, nikapandisha kikombe kwa kamba, kikombe kikarudi, hela haikurudi. Binti, muulize mzee taratibu.

Binti wa Nkuhungu

Nimemuuliza. Kanyamaza, kisha kaomba maji ya kunywa.

Betri Juani

Deni limekubaliwa. Sasa suala la mwaka bado. Shangazi kasema Julai 1991. Mama alikuwa na mimba ya mtoto gani?

Binti wa Nkuhungu

Hapo ndipo nimechelewa kurudi, nilikuwa nalia na kucheka.

Mama anasema mimba ilikuwepo kweli, miezi sita. Alichoka kusimama, akakaa juu ya jiwe akaegemea ukuta wa ukumbi, viatu vya baba mapajani. Maneno hakuyasikia vizuri. Anasema aliusikia muziki kwa mgongo, ukuta wote ulikuwa unatetemeka, na mtoto tumboni alipiga mateke kuanzia wimbo wa kwanza hadi watu walipotawanyika. Alimwita baba ashuke aje aguse, baba akamjibu kutoka mtini asubiri kwanza wimbo uishe.

Dada kazaliwa 1986. Mimi nimezaliwa Oktoba 1991.

Kwa hiyo wakuu, kwenye orodha ya waliokuwepo na mimi niandikeni.

Dogo wa Chimwaga

Tumekuandika. Na wewe hukulipa kiingilio.